Chumba cha laki moja Dar hakigharimu laki moja

"Nenda pembeni ya mji, huko ndiko kwenye unafuu." Hii ndiyo imani inayowaponza wengi wanaotafuta chumba Dar es Salaam. Ni kweli kodi inashuka kadiri unavyoziacha Sinza na Kijitonyama ukielekea Chanika au Bunju. Ila inayoshuka ni kodi, matumizi yako ya mwezi ni habari nyingine. Shika kalamu. Tuseme chumba cha mbali ni elfu 60 na cha karibu na kazini ni laki moja. Umeokoa elfu 40. Huko mbali unashuka daladala usiku, kuna barabara ya vumbi hadi nyumbani, unachukua bodaboda ya buku. Kwa siku 26 za kazi boda imekula elfu 26. Inabaki elfu 14, yaani kama shilingi 538 kwa siku, na hiyo haitoshi kwenda na kurudi kwa daladala moja ya ziada. Foleni sijaigusa. Anayefanya kazi Gongo la Mboto akapanga Gongo la Mboto, huyo kweli kapata nafuu. Anayetoka huko kila alfajiri kwenda Masaki, kodi yake nyingine anamlipa konda.

Ya pili wanaisema hata wenye nyumba, tena kwa sauti ya hakimu: "Sheria ni kulipa miezi sita kwa mkupuo." Hakuna sheria ya namna hiyo. Sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa kulipa ni maelewano yenu wawili. Miezi sita ni mazoea tu, na mwenye nyumba anayapenda kwa sababu pesa ya mkupuo inamaliza choo, inapaua chumba cha uani, inalipa ada ya Januari. Kwa hiyo omba miezi mitatu bila woga, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu. Utakijua kwa vumbi la dirishani na utando wa buibui kwenye kona, hata kama mwenyewe anakuambia mteja wa jana alilia kwa kukikosa.

Halafu kuna dalali. Watu wanasema bila yeye hupati kitu. Mgeni wa mji mwenye haraka, sawa, atamhitaji, na kwa kawaida atamlipa kodi ya mwezi mmoja. Piga hesabu ya kile chumba cha laki moja: miezi sita na dalali, laki saba zimetoka kabla hujakodi kirikuu ya kubebea godoro. Bado hapo hujahesabu hela ya "kuonyeshwa", ambayo wengine wanaichukua kisha wanakutembeza kwenye vyumba vyenye watu. Mwenye wiki mbili za subira achague mtaa mmoja, aupite kwa miguu Jumamosi asubuhi. Aulize kwa mangi, kwa mama ntilie, kwa fundi cherehani. Hao wanajua nani anafunga vyombo mwisho wa mwezi, na habari hiyo dalali bado hajaipata.

Kuhusu mkataba, usidanganywe na "sisi hapa tunaishi kindugu". Nyumba nyingi ni za urithi. Unaweza kumlipa kaka, baada ya mwezi akaja dada na madai yake. Waulize wapangaji wa ndani kodi yao wanampa nani, kisha andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Na LUKU? Wengi wanaona wakichangia mita moja kwa usawa wametenda haki. Mwenye friji na mwenye taa moja hawali umeme sawa, hilo mlimalize siku ya kwanza. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye manunuzi ya umeme. Anayedaiwa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni wewe. Mwombe akupunguzie kwenye pango.

La mwisho lilinipata mwenyewe: kudhani chumba ukikiona mara moja, mchana, kiangazi, umekiona. Nilipanga Kigogo mwezi wa pili, jirani na bonde la Msimbazi, bonde ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya baadhi ya wakazi wake wahamishiwe Mabwepande. Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini chumba kilikuwa kizuri, bei yake ya kirafiki, na ukuta umepakwa rangi mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nikadhani ni urembo. Mwezi wa nne nilikuwa nimesimama juu ya kitanda, jiko la gesi mkononi, maji yanazunguka ndoo zangu. Yalipokauka nikafunga mlango ili nifagie nyuma yake. Pale ambapo brashi ya fundi haikufika palikuwa na mstari wa tope uliokauka siku nyingi, juu kidogo ya ule wangu.

Siku hizi nikionyeshwa chumba, kabla ya kuuliza bei nafunga kwanza mlango.