Video za uwindaji na shabaha: tuziweke wapi?

Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa Julai, swali ni lilelile kutoka kwa wawindaji bingwa, wapiga picha wanaofuatana nao vitaluni na vijana wanaopenda kulenga shabaha: tukiondoka YouTube, tuhamie wapi? Nahariri video hapa Mwanza, nyingi za watu wenye kazi zao Pori la Akiba Maswa na mapori mengine ya kanda hii. Kabla ya kutaja jukwaa lolote, huwa nauliza video yenyewe inaonyesha nini.

Wengi wanahama bila kujua walichokatazwa. YouTube haijapiga marufuku uwindaji. Kanuni zake kuhusu ukatili kwa wanyama zinautaja miongoni mwa shughuli za kawaida za binadamu. Inachokataa ni video ya kuuza silaha au kumwelekeza mtu kwenye tovuti inayoziuza, na mafunzo ya kutengeneza bunduki, risasi au kizuia sauti. Masharti hayo yalikazwa Machi 2018. Juni 2024 yakaongezwa mengine: kufundisha jinsi ya kuondoa kifaa cha usalama kwenye silaha ni marufuku, na video za bunduki za kienyeji au zinazomimina risasi mfululizo zinafungiwa watu wa chini ya miaka 18.

Mwindaji wa Tanzania mwenye leseni halali na bunduki ya kukoki kila risasi haguswi sana na hayo. Kinachomgusa ni damu. Mnyama aliyejeruhiwa akionyeshwa kwa karibu akihangaika, video inaweza kufungiwa kwa umri, na ikishafungiwa haichezi kwenye tovuti nyingi za nje, wala asiyeingia na akaunti haioni. Kata sekunde hizo. Onyesha nyayo, onyesha upepo unavyopimwa kwa vumbi au majivu, onyesha jinsi mfuatiliaji anavyosoma majani yaliyolala. Mnyama akishaanguka, safisha damu kabla ya kamera kumsogelea. Ningeshauri hivyo hata kama kanuni zisingekuwepo, kwa sababu naamini nyati aliyepoteza uhai wake anastahili heshima hiyo.

Hata hivyo mahali pa pili panahitajika. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanatosha kufuta chaneli nzima, na kazi ya misimu mingi inaondoka nayo. Kwa hiyo siku hizi sisemi "hama". Nasema video halisi ikae kwako, kwenye diski mbili zilizowekwa nyumba mbili tofauti, na majukwaa yawe madirisha tu ya kuionyesha.

Rumble ndiyo inayotajwa sana. Ilianzishwa mwaka 2013 na Mkanada Chris Pavlovski, na hisa zake zinauzwa Nasdaq tangu 2022. Video za silaha halali zinapumua huko. Lakini Novemba mwaka huohuo wa 2022 Rumble ilijifungia Ufaransa yote, kwa kukataa kuondoa vyombo vya habari vya Urusi kama serikali ya nchi hiyo ilivyotaka. Kampuni ya uwindaji yenye wateja Wafaransa, na Tanzania tunao, wakati huo ingejikuta video zake hazifunguki kwao kwa ugomvi usiohusiana kabisa na uwindaji. Odysee nayo ilijengwa juu ya teknolojia ya LBRY. Kampuni ya LBRY ilishindwa kesi na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani mwaka 2022, ikafunga mwaka uliofuata. Odysee yenyewe ikabaki. Majukwaa ya wapenda bunduki wenyewe, kama GunStreamer, nayapendekeza kwa mtu wa shabaha tu: mtazamaji wake anataka kujua bunduki, na simulizi ya kumfuata nyamera asubuhi nzima haitamshika.

Kwa kampuni inayotafuta wateja wa Marekani, MyOutdoorTV na CarbonTV zina maana zaidi. Huko hupakii video na kuondoka. Unazungumza nao kama unavyozungumza na kituo cha televisheni. Andaa kipindi cha dakika 22 hivi chenye mwanzo na mwisho, sauti safi, na haki ya kila wimbo uliotumia. Ni kazi kubwa, lakini mtazamaji wa huko ameingia akitafuta uwindaji.

Mtazamaji wa hapa kwetu ni habari nyingine. Chukua kijana aliyesomea Chuo cha Wanyamapori Pasiansi, ambacho kimekuwa kikifundisha hapa Ilemela tangu 1966. Anataka kuona namna ya kumkabili mbogo aliyejeruhiwa kwenye kichaka, na anaangalia kwa simu, kwa bando analonunua mwenyewe. Dakika kumi za video iliyohaririwa kwa 8 Mbps, kiwango ambacho YouTube inapendekeza kwa 1080p, ni kama MB 600. Ukiishusha hadi 1 Mbps kwa 480p inakuwa MB 75, na kwenye kioo cha simu bado anaona vizuri bega la mnyama na mahali risasi ilipoingia. Jukwaa lisilomruhusu mtazamaji kuchagua ubora mdogo silikubali, hata liwe na uhuru kiasi gani.

Hapo ndipo PeerTube inaponipa mawazo mawili. Ni programu huria ya shirika la Kifaransa Framasoft, iliyotoka rasmi 2018. Yeyote mwenye seva anaweza kuendesha jukwaa lake na kuweka kanuni zake, na majukwaa hayo yanaunganishwa. Chama cha wawindaji kinaweza kumiliki lake kabisa, na naipenda sana fikra hiyo. Lakini video inapotazamwa na wengi kwa wakati mmoja, PeerTube huwafanya watazamaji wagawiane vipande vyake. Seva inapumzika, ila simu ya yule kijana inaweza kupokea na kutuma pia, na bando linahesabu pande zote mbili. Ukiiendesha kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa, zima kugawiana huko kwenye mipangilio kabla ya kumpa mtu kiungo.

Ukweli ni kwamba video nyingi hapa zinasafiri kwa WhatsApp na Telegram, ambazo zinapokea faili hadi GB 2. Zinafaa, kwa tahadhari moja ninayoisisitiza kuliko yote niliyoandika hapo juu. Video ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, taarifa hizo zinakwenda nayo. Drone za DJI, manukuu yakiwashwa, huandika latitudo na longitudo kwenye faili la SRT linalokaa pembeni ya video. Jangili hahitaji zaidi ya hapo. Programu ya ExifTool itakuonyesha kilichomo, na nyingine iitwayo FFmpeg inaweza kutoa nakala isiyo na taarifa hizo. Fanya hivyo kwa kila faili kabla halijatoka kwenye kompyuta.

Kuhusu vibali, video kuwekwa kwenye seva ya nje hakukutoi mikononi mwa Kanuni za Maudhui Mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ruhusa ya kupiga picha porini iombwe mapema TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori.

Halafu angalia kilichoko nyuma ya mnyama: bango la kitalu, mkunjo wa mto, jabali ambalo kila mwenyeji analijua. Kama kwenye picha kuna tembo mwenye meno makubwa, mimi hukata hata kilima, na video yenyewe naitoa msimu ukishafungwa.