Sauti inatoka wapi? Maswali ya wazazi wa watoto wadogo

Mwanangu ana miezi miwili, nikimwita hageuki. Hasikii?

Ni mapema mno kusema hivyo. Mwangalie kama anashtuka mlango ukijibamiza, au anaacha kunyonya akisikia sauti yako. Kuanzia miezi 4 huanza kugeuza kichwa, na akifikisha 6 awe anageukia kulia na kushoto. Sauti inayotoka juu au chini yake huchelewa kuipata.

Nitamwangaliaje nyumbani?

Mtu mmoja ampakate, wewe ukae nyuma yake, pembeni kidogo. Tikisa kopo lenye punje chache za mahindi usawa wa sikio. Fanyia ndani, maana upepo wa Dodoma kiangazi humeza sauti ndogo. Wengi hupiga makofi karibu na shavu. Mtoto anageuka kwa kuwa amehisi upepo wa kiganja au ameona kivuli, na mzazi anafurahi bure.

Wa miaka mitatu nimfundisheje?

Mfunge macho kwa khanga, ndugu zake wamwite kwa zamu, yeye aonyeshe kwa kidole. Anzeni kulia na kushoto. Sikio lililo karibu hupata sauti mapema na kwa nguvu zaidi. Tofauti ya muda haifiki hata elfu moja ya sekunde, lakini ubongo huikamata. Anayeita akiwa mbele au nyuma kabisa, masikio yote hupata kwa pamoja, ndiyo maana hata watu wazima hubabaika. Basi mwache ageuze kichwa, usimwambie atulie.

Akizoea, kaeni barazani: hiyo bodaboda inatokea sokoni au kwenye lami? Abashiri kwanza, kisha atazame. (Barabarani bado ashikwe mkono, hata awe hodari vipi.)

Akiitwa anaitika, ila anatazama upande mwingine.

Huyu ndiye hunipa wasiwasi, maana kwa kuwa anaitika hakuna anayemshuku. Huenda sikio moja halisikii vizuri: nta imeziba, mafua yameacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au kuna usaha. Mara nyingi hugeukia upande wa sikio zima. Usitie mafuta wala maji ya majani, na unyoya wa kuku uache kabisa. Mpeleke zahanati; ikibidi watampa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ukifika usiseme tu "hasikii". Waeleze kwamba anaitika, na utaje upande anaougeukia kila mara.