Nguruwe wa Dar hanenepi: kabla ya kulaumu mbegu, tazama bati

Saa nane mchana, mwezi wa pili, kwenye banda moja huko Chanika. Nguruwe sita wa miezi mitano wamelala ubavu kwenye kona ile ile wanayokojoa, wanahema kwa kasi, na pumba ya asubuhi imebaki nusu kihori. Bati liko chini mno. Niliinua mkono nikaligusa, mkono ukarudi wenyewe.

"Daktari, hawa ni wachafu tu kwa asili," mama mwenye banda akaniambia. "Na mbegu niliyouziwa nadhani mbovu. Wanakula pesa, hawanenepi."

Tukaanza na huo uchafu. Nguruwe akipata nafasi hutenga choo na malazi. Hata kitoto cha siku chache hujikongoja kutoka pale mama yake anapolala, kikajisaidie pembeni. Mkubwa hulala pakavu na hujisaidia penye unyevu, mara nyingi ukutani au karibu na maji. Joto likizidi, mpango huo hugeuka: analala penye mkojo kwa sababu ndipo penye ubaridi, na kinyesi anakipeleka kule pakavu. Ukiona hivyo, usichukue ufagio kwanza. Tazama paa.

Sisi tukipata joto tunatoka jasho. Ngozi ya nguruwe hutoa jasho kidogo sana, na chini yake kuna mafuta yanayozuia joto kutoka. Kilichobaki kwake ni kuhema na kujilowesha. Tope linampoza kuliko maji matupu kwa kuwa hukauka taratibu, na kwa nguruwe mweupe ni kinga pia, maana jua humuunguza ngozi.

Hapo ndipo uzito unapopotelea. Kusaga chakula tumboni kunazalisha joto, kwa hiyo nguruwe aliyezidiwa hujipunguzia mlo mwenyewe. Nguruwe anayenenepeshwa hustarehe kwenye nyuzi joto 18 hadi 24 hivi; Dar mwezi wa pili mchana tunapita 30 kama mchezo. Mlishe alfajiri na jioni, ule mlo wa saa saba mchana uache. Inua paa, weka makuti juu ya bati, acha upepo wa bahari upite, mwagia sakafu maji. Vitoto vipya ni habari nyingine: vyenyewe vinataka nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo usivimwagie maji pamoja na mama yao.

Maji ya kunywa nayo yawepo muda wote. Anayekua hunywa lita 6 hadi 10 kwa siku, na jike anayenyonyesha anaweza kupita 20. Ndoo ataipindua, hilo usibishane naye. Jenga hodhi la saruji. Nguruwe aliyekosa maji siku moja au mbili huku anakula chakula chenye chumvi anaweza kupatwa na degedege na kufa, nawe ukadhani karogwa.

Sasa chakula. Babu yake, nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, hutumia sehemu kubwa ya siku akifukua: mizizi, minyoo, matunda yaliyoanguka, hata panya. Pua ile imeumbwa kwa kazi hiyo. Wa bandani ana hamu ile ile lakini sakafu ni saruji, ndiyo maana wakikosa shughuli huanza kutafunana mikia. Fungu la matembele au magunzi ya mahindi huwatuliza. Majani peke yake hayatamnenepesha, kwani tumbo lake ni moja, halicheui kama la ng'ombe. Pumba ya mahindi peke yake nayo inajaza tumbo tu. Mwili unajengwa na mashudu ya alizeti, soya au dagaa, pamoja na madini.

Makombo ya hoteli na kumbi za harusi yanapendwa sana mjini hapa kwa kuwa ni rahisi. Humo mara nyingi kuna mabaki ya kitimoto, na virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika huishi ndani ya nyama hiyo. Ugonjwa huo hauambukizi binadamu, ila hauna tiba, na unaweza kumaliza banda zima ndani ya wiki chache. Mimi nasema achana nayo kabisa. Ukishindwa, yachemshe yatokote dakika 30 huku ukikoroga, na usiyarudishe kwenye ndoo iliyoyaleta.

Mwisho tukapima uzito bila mizani. Chukua tepu ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Jibu ni kilo, kwa makadirio.

Mkubwa wa pale alikuwa na mzunguko wa 0.86 na urefu wa 0.90. Simu ikasema kilo 46. Kwa miezi mitano, mbegu ya kisasa iliyolishwa vizuri huwa imepita 65.

"Dalali jana kaniambia thelathini na tano," mama akasema. Akakunja tepu, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Tepu ilikuwa yangu.