Viola ya Porini Chini ya Mikaratusi

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeuzoea mkaratusi katika mashamba ya nguzo na kuni ataona ajabu nikimwambia kwamba chini ya mti huo huo, katika misitu mikavu ya asili ya kusini-mashariki mwa Australia, huota ua dogo la urujuani ambalo ni laini kuliko majani yote yanayolizunguka. Kazi yangu ni kuchunguza mimea midogo ya sakafu ya msitu, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzetu ni hili: inawezekanaje, ilhali tunajua kwamba chini ya mkaratusi hakuoti kitu? Mmea ninaoutumia kujibu swali hilo ni Viola betonicifolia, uliopewa jina lake la kisayansi na Mwingereza James Edward Smith mwaka 1817.

Kwanza tutenganishe shamba na msitu. Shambani miti hupandwa karibu karibu, ikiwa ya umri mmoja, ili ishindane kwenda juu, na ushindani huo ndio unaoinyima ardhi maji na mwanga. Katika vilima vikavu vya majimbo ya Victoria na New South Wales mikaratusi husimama mbalimbali, na majani yake yaliyokomaa hayatandazwi kama sahani bali huning'inia wima, hivyo jua la adhuhuri hupenya hadi chini. Udongo wenyewe ni mwembamba, wenye mawe na fosforasi kidogo mno, kiasi kwamba magugu marefu hayapati nguvu ya kuufunika mmea mfupi. Katika nafasi hizo huota nyasi kwa mafungu, ikiwemo Themeda triandra, spishi ile ile inayotandaa katika mbuga za Serengeti, na viola huota katikati ya mafungu hayo, kwenye vijinafasi visivyozidi upana wa kiganja.

Huku kwetu viola tunazozijua, kama vile Viola abyssinica, hutambaa kwenye misitu yenye unyevu ya milimani. Hii ya Australia haitambai. Majani yake yote hutoka mahali pamoja usawa wa ardhi, kila moja likiwa refu na jembamba kama ncha ya mkuki, juu ya kikonyo chenye kingo pana kidogo. Chini ya ardhi kuna shina fupi nene linalohifadhi chakula, na ukame ukizidi majani yanaweza kunyauka yote huku mmea ukiendelea kuishi bila kuonekana. Ndiyo maana napenda kuutafuta katika majira ya kuchipua, kuanzia Septemba, wakati maua yanapojitokeza kila moja kwenye kikonyo chake.

Ua hilo linastahili kuangaliwa kwa kioo cha kukuzia. Lina petali tano. Mbili za pembeni zina vinywele vyeupe karibu na koo la ua, na ile ya chini ina mishipa ya rangi iliyokoza inayoelekea ndani, kisha nyuma yake hujitokeza kifuko kifupi cha mbochi, yaani maji matamu ya ua. Stameni tano, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua, zimebanana kuzunguka ovari na kufanya umbo la koni, na mbili za chini zina vijimkia vinavyoingia ndani ya kifuko na kutoa mbochi hiyo. Nyuki mdogo anapotua na kusukuma ulimi wake kuelekea kwenye kifuko, huitikisa koni hiyo, na chavua kavu humdondokea. Bila msukumo huo, chavua nyingi hubaki ndani.

Lakini mmea huu hauwategemei nyuki peke yao. Maua ya kuvutia yanapokwisha, huzaa mengine madogo ya kijani yasiyo na petali za kuonekana, ambayo hayafunguki kabisa. Hujichavusha yenyewe ndani kwa ndani na kutoa mbegu nzima nzima. Kwa hiyo hata msimu wenye wadudu wachache haupiti bure, ingawa mbegu hizo hazichanganyi damu ya mimea miwili.

Tunda likikauka hupasuka vipande vitatu vyenye umbo la mtumbwi. Kingo za kila kipande hujikunja kwa ndani polepole zikizibana mbegu laini, hadi zinachomoka moja moja na kurushwa mbali na mama yao. Safari haiishii hapo, kwa sababu kila mbegu ina kinundu cheupe chenye mafuta, na mafuta hayo huwavuta sisimizi. Sisimizi wa jenasi ya Rhytidoponera, ambao ni wengi sana katika misitu hii mikavu, huibeba mbegu hadi kwenye kiota, hula kinundu na kuitupa mbegu ikiwa salama. Australia ina takribani spishi 1,500 za mimea inayosambazwa na sisimizi kwa njia hii, wingi ambao ni nadra kuupata kwingineko duniani. Mbegu iliyofukiwa imeepuka panya na ndege, na juu ya yote imeepuka moto.

Na moto huja. Mikaratusi hudondosha majani, vitawi na maganda yenye mafuta ambayo hayaozi haraka, na kiangazi kimoja kikali kinatosha kuyawasha. Sentimita chache tu za udongo hupunguza joto hilo sana, kwa hiyo shina la chini la viola huweza kunusurika na kutoa majani mapya yakiwa ya kwanza kwanza kuonekana juu ya majivu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kuuhifadhi msitu ni kuukinga na kila moto. Miaka mingi bila moto wala malisho mepesi hurundika nyasi na majani makavu mpaka vijinafasi vile vya kiganja vinazibika. Kwa upande mwingine, kondoo na sungura wakiachwa bila kizuizi huitafuna viola hadi shina.

Kwa jumla spishi hii bado inapatikana kwa wingi, lakini wingi huo unaweza kutudanganya. Katika mabonde yenye majimaji ya pwani ya mashariki, kati ya Gympie na Port Macquarie, kuna kipepeo, Argynnis hyperbius inconstans, ambaye viwavi wake hutegemea majani ya viola hii. Maeneo hayo yamegeuzwa malisho, mashamba na makazi, na kipepeo huyo, aliyeorodheshwa kuwa hatarini mno kutoweka, hajathibitishwa kuonekana tangu 2001. Mmea upo, kilichokosekana ni viraka vyake vikubwa vya kutosha kulisha kizazi baada ya kizazi.

Anayetaka kuipanda ajihadhari na jina la dukani, kwa sababu inayouzwa zaidi kama viola ya asili ni Viola banksii, yenye maua ya zambarau na nyeupe, inayotambaa na kupenda unyevu. Aulizie betonicifolia iliyooteshwa kwa mbegu katika kitalu, wala asiing'oe msituni. Kuipata si shida: tunda lake hurusha mbegu kitaluni kama linavyofanya porini, na miche hujiotea katika vyungu vya mimea mingine.