Je, wajua kwa nini pikipiki kongwe za Uingereza huvuja oili hata baada ya kubadilishiwa gasketi?

Wamiliki wa Triumph, BSA na Norton zilizoundwa Uingereza kati ya miaka ya 1950 na 1970 wana utani wao wa siku nyingi: pikipiki ikiacha kudondosha oili, kagua kama bado imo. Utani huo umeufanya uvujaji uonekane kama ugonjwa wa kuzaliwa nao usio na dawa. Wapo wanaotandika kipande cha boksi chini ya injini na kuendelea na shughuli zao, na wapo wanaonunua gasketi mpya, yaani vile vipande vyembamba vya kuziba viungo vya injini, wakazifunga kwa bidii, kisha baada ya safari mbili tatu wakakuta doa lile lile sakafuni. Ikiwa gasketi ni mpya na bolti zimekazwa, ni nini kinachoisukuma oili nje?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kasha la krenki, yaani lile tumbo la injini linalobeba krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), limepasuliwa wima katikati, hivyo kiungo chake hupita hadi chini kabisa, mahali ambapo oili hukusanyika. Honda CB750, iliyoingia sokoni mwaka 1969, ilikuwa na kasha lililogawanywa kwa ulalo, na ilisifiwa kwa kutoichafua sakafu. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Pikipiki nyingi za silinda moja zinazobeba abiria mitaani kwetu zina kasha lililogawanywa wima vilevile, na injini zake hukaa kavu kwa miaka. Mgawanyo wa wima hurahisisha uvujaji, ila si wenyewe unaoisukuma oili.

Kinachoisukuma ni hewa. Tuchukue Triumph Bonneville T120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja, ingawa huwaka kwa zamu. Kila zinaposhuka, nafasi iliyo chini yake hupungua kwa karibu cc 650, na zinapopanda huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Krenki ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jambo hilo hutokea zaidi ya mara 66 katika kila sekunde, kwa hiyo kasha zima hufanya kazi kama mvukuto wa mhunzi. CB750 haikuwa na tatizo hilo kwa kiwango kile, kwa sababu pistoni zake mbili hupanda wakati nyingine mbili zinashuka, na hewa ya chini huhama tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Wahandisi wa Triumph walilijua hilo tangu mwanzo. T120 za awali zilikuwa na kisahani kidogo chenye matundu, kilichozungushwa na ncha ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya valvu za kuingiza, ambacho hufungua njia ya hewa pistoni zinaposhuka na kuifunga zinapopanda. Katika matoleo ya 1970 kisahani hicho kiliondolewa, na hewa ikapitishwa kwenye chumba cha cheni ya klachi kupitia matundu matatu madogo, kisha ikatoka nje kwa mpira mpana. Mfumo wowote kati ya hiyo miwili ukiziba kwa uchafu wa miaka, au mpira ukikunjika nyuma ya fremu, hewa hutafuta upenyo mwingine, na haitoki peke yake bali huibeba oili.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba fundi asianze na gasketi, aanze na upumuaji. Achomoe mpira wa hewa, auoshe, ahakikishe haukubonyea popote, kisha apime mgandamizo wa silinda. Ringi za pistoni zilizokwisha hupitisha gesi ya mwako kwenda chini, na gesi hiyo huongeza shinikizo ambalo hakuna gasketi itakayolistahimili kwa muda mrefu. Wamiliki wengi wa siku hizi huongeza valvu ya njia moja kwenye mpira huo, karibu na kasha iwezekanavyo, ili hewa itoke bila kurudi. Shinikizo la ndani hushuka chini kidogo ya lile la nje, na kiungo kilichokuwa kikitema oili huanza kunyonya hewa. Ni kifaa kidogo, lakini katika injini za aina hii sijui badiliko jingine linalolipa kama hilo.

Hatua inayofuata ni kujua oili inatokea wapi hasa, maana upepo wa safari huipeleka nyuma, na tone linaloanguka chini ya giaboksi huenda limetoka kwenye kifuniko cha roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu, huko juu kabisa. Injini ioshwe vizuri na kukaushwa, mdomo wa kabureta ukingwe, kisha sehemu zinazotiliwa shaka zipakwe poda ya watoto. Ukiiwasha kwa dakika chache, utaona mstari mweusi ukichora njia kwenye ule weupe, na unapoanzia mstari huo ndipo penye kazi.

Mara nyingi kazi yenyewe ni ya nyuso za vyuma. Vifuniko vya alumini vilivyofunguliwa na kukazwa kwa zaidi ya nusu karne hupinda, na kingo za matundu ya skrubu huvutwa juu zikawa vichuguu ambavyo jicho halivioni. Weka kifuniko juu ya kioo kinene kilichotandikwa msasa laini wenye maji, ukisugue kwa mwendo wa duara bila kukandamiza, halafu ukigeuze uone: sehemu zilizong'aa ni zile zilizoinuka, na zilizobaki na rangi ya zamani ndizo mabonde ambamo oili ilikuwa ikipita. Endelea mpaka uso wote uwe na rangi moja. Usifanye hivyo kwenye nusu mbili za kasha la krenki, kwa sababu kuzipunguza huharibu vipimo vya beringi. Hapo pana mtego mwingine: gasketi ya chini ya silinda hukalia makutano ya nusu hizo, na nusu moja ikisimama juu ya mwenzake, hata kwa unene wa unywele, gasketi haiwezi kuziba ngazi hiyo.

Sehemu nyingine yenye sifa mbaya kwenye Triumph ni mirija miwili inayofunika fito za valvu, mmoja mbele ya silinda na mwingine nyuma. Mirija hii huzibwa kwa sili za mpira juu na chini, na sili hizo lazima zibanwe kwa kiasi chake, karibu milimita moja. Zikibanwa pungufu, oili hutiririka kwenye mapezi ya silinda. Zikizidishwa, silinda hedi huegemea mirija badala ya gasketi yake, na hapo utakuwa umeondoa uvujaji wa oili ukaleta uvujaji wa mwako. Gasketi ya hedi ikiwa ya shaba inaweza kutumika tena, mradi ichomwe mpaka iwe nyekundu na kuachwa ipoe, kwani shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu na joto huirudishia ulaini wake.

Kuhusu silikoni ya kubandikia, mkono mwepesi ndio unaotakiwa. Ile inayojitokeza nje ni dalili tu kwamba nyingine kama hiyo imejitokeza ndani, ambako hukatika vipande na kwenda kuziba njia nyembamba za oili au kukwama kwenye vigololi vya pampu, vinavyoizuia oili kupita injini ikiwa imezimwa.

Vigololi hivyo vina kisa chao. Injini hizi huhifadhi oili kwenye tenki lililo juu ya krenki, na pikipiki ikilala wiki kadhaa, oili hupenya pampu polepole na kujaza kasha, jambo ambalo Norton zinajulikana nalo sana. Ukiiwasha hivyo, hutema kila upande, na mwenyewe hudhani sili zote zimekufa kwa pamoja. Wapo wanaofunga koki kwenye mpira wa kutoka tenkini. Mimi siipendi, kwa kuwa siku moja ukisahau kuifungua, krenki huzunguka bila oili. Ni salama zaidi kusafisha vigololi na vikalio vyake, au kumwaga kasha kabla ya kuwasha.

Baada ya yote hayo, huenda bado kukawa na matone machache nyuma, karibu na cheni ya gurudumu. Kabla ya kufungua chochote, chungulia shingoni mwa tenki la oili. Baadhi ya Triumph za miaka ya 1960 zina skrubu ndogo hapo, inayopima oili ya kulainisha cheni hiyo kwa makusudi, na kinachohitajika ni kuikaza kidogo tu.