Je, wajua kwa nini wachekeshaji wa redio ya Uingereza walirudia msemo uleule kila wiki?

Katika miaka ya 1920, mchekeshaji wa kumbi za burudani za Uingereza aliweza kuishi miaka mingi kwa mizaha isiyozidi robo saa. Wiki hii alikuwa jukwaani Liverpool, wiki ijayo Leeds, na kila mji uliipokea mizaha hiyo kama mipya kwa sababu watu wake hawakuwa wameisikia. BBC, iliyoanza kutangaza mwaka 1922, iliuvuruga utaratibu huo: mzaha uliorushwa hewani jioni moja ulisikika nchi nzima, na kesho yake ulikuwa umekwisha utamu. Ndiyo maana baadhi ya wenye kumbi waliwakataza wasanii wao kwenda redioni.

Hasara ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ilikuwa ya macho. Jukwaani, kofia, suruali pana na mwendo vilimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa, lakini redioni ilibaki sauti peke yake. Msemo mmoja, ukirudiwa kila wiki kama kibwagizo cha wimbo, uliponya majeraha yote mawili: ulimvisha mhusika vazi la kusikika, na kadiri ulivyozoeleka ndivyo wasikilizaji walivyozidi kuungoja.

Kipindi kilichouelewa ujanja huu kuliko vingine vyote ni It's That Man Again, kilichoanza Julai 1939 kikiongozwa na Tommy Handley, mzaliwa wa Liverpool, na kuandikwa na Ted Kavanagh kutoka New Zealand. Mlango ulisikika ukifunguliwa, mtu akaingia na msemo wake, akajibizana na Handley kwa kasi, kisha akatoka ili mwingine aingie. Dorothy Summers aliigiza mfanya usafi aitwaye Mrs Mopp, ambaye kila alipoingia aliuliza kama sasa anaweza kumshughulikia bwana. Jack Train peke yake alikuwa watu wawili tofauti kabisa. Kama Kanali Chinstrap, mlevi mwenye adabu, alilisikia neno lolote kana kwamba ni mwaliko wa kunywa, akajibu kwamba hakatai. Kama Funf, jasusi wa Kijerumani, alizungumzia ndani ya bilauri tupu, sauti ikatoka nzito na yenye mwangwi, kama ya mtu aliyejificha.

Vita vilipoanza Septemba 1939, kumbi za burudani zilifungwa kwa muda, na idara ya burudani ya BBC ikahamishiwa Bristol. Mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu, idara ilihamia Bangor, kaskazini mwa Wales, mwaka 1941. Watu waliokaa majumbani, madirisha yakiwa yamezibwa ili mwanga usionekane na ndege za adui, waliogopa majasusi kwa dhati, na hapo ndipo Funf alipofanya kazi ambayo hotuba isingeiweza: watu walipigiana simu na kujitambulisha kwa sauti nzito kuwa ni Funf anayezungumza, kisha wakacheka. Hofu ileile ikawa mchezo wao, kwa maneno machache ambayo hata mtoto aliyakumbuka.

Handley alipofariki Januari 1949, BBC haikumtafutia mrithi. Kipindi kilikoma, kwa kuwa wote walioingia kwa mlango ule walikuwa wakimwendea yeye.