Wati si mwanga

Juzi, dukani Nkuhungu, dada mmoja alikuwa anatafuta taa ya kuning'iniza juu ya meza ya chakula jikoni. Muuzaji akamtolea mbili, akamwambia: "Chukua hii ya wati 12, inawaka kuliko hiyo ya 9." Maneno hayo nimeyasikia mno hapa Dodoma, kwa wauzaji na kwa mafundi umeme, hadi nimeona niandike.

Wati hupima kasi ya kifaa kutumia umeme. Lumeni hupima wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa.

Chukua pasi ya wati 1,000. Iwashe usiku, zima taa, kisha jaribu kutunga uzi kwenye sindano. Kiswahili chetu kinaijua tofauti hii: pasi inakula umeme, taa inaangaza. Kula na kuangaza hatujawahi kuvichanganya mpaka tulipoanza kusoma maboksi ya taa.

Na jina lenyewe halina asili ya mwanga. Wati ni James Watt, Mskoti aliyezaliwa 1736 na kuiboresha injini ya mvuke. Nguvu za injini zake alizipima kwa kuzilinganisha na farasi. Alifariki 1819, nyumba zikiwa bado hazijajua globu ya umeme. Jina lake lilipendekezwa kuwa kipimo mwaka 1882, kipimo cha nguvu. Lumeni ndilo neno la Kilatini lenye maana ya mwanga.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka. Globu za zamani zilikuwa na kiwaya kinachopashwa moto mpaka king'ae, kwa hiyo wati zikipanda, mwanga nao ulipanda, na namba moja ilitosha. Ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. Umeme mwingi uliishia kwenye joto, na aliyewahi kuishika ikiwa inawaka anakumbuka vidole vyake. Taa ya LED inatoa lumeni hizohizo kwa wati 9 hivi, pengine chini ya hapo, kutegemea ilivyotengenezwa. Kinachoniudhi ni boksi lililoandikwa "9W = 60W". Tisa haijawahi kuwa sawa na sitini! Kinacholingana ni mwanga, na mwanga haukutajwa.

Pale dukani nilimwomba muuzaji ageuze maboksi yote mawili. Ubavuni, kwa herufi ndogo, ya wati 12 ilikuwa na lumeni 850, ya wati 9 ilikuwa na 900. Akazisoma mara mbili, akamtazama mteja wake.

"Kaka," nikamwambia, "hiyo ya 12 itamlia dada yetu LUKU zaidi. Inayoangaza zaidi ni hii ya 9."